Kwa nini tuliacha kukuuliza kama wewe ni mtu wa video au mtu wa kusoma

Kabla hujaendelea, hebu tujaribu kitu kimoja. Simu yako imelia mlio wa ujumbe. Umeandikiwa kwamba umepokea Sh 3,500 kutoka kwa mtu usiyemjua. Dakika mbili hazijaisha, anakupigia. Ni sauti ya mama, anaongea akilia, anasema hiyo ni pesa ya dawa ya mtoto, alikosea tarakimu moja tu, tafadhali mrudishie. Unafanya nini kwanza? Usikimbilie jibu huko chini. Jibu kichwani mwako, likumbuke, twende.

Swali la pili ni rahisi zaidi. Wewe ni mtu wa kuona, mtu wa kusikia, mtu wa kusoma, au mtu wa kushika mambo kwa mikono?

Watu wengi hujibu hili la pili haraka kuliko la kwanza. Sisi wenyewe katika timu ya mafunzo ya wateja tulilipenda sana, hadi tukalijengea sehemu yake ndani ya programu. Yalikuwa maswali kumi yenye picha za kupendeza, na mwishoni unaambiwa "Wewe ni Mtu wa Kuona!" Kuanzia hapo masomo yako yote, ya PIN, ya matapeli, ya ada, ya mikopo, yanakuja kwa video. Mwenzako aliyeitwa Mtu wa Kusikia anapata sauti tupu. Tulijipigia makofi. Sehemu hiyo haipo tena. Tuliiondoa, na kwa kuwa kuna wateja wanaoiulizia mpaka leo, ni haki yenu tuwaeleze sababu.

Tuanze na kukiri. Wengi wetu hapa tulisomea uuzaji, na kitu cha kwanza unachofundishwa huko ni kugawa wateja kwa makundi. Ukishawagawa, unamwambia kila mmoja neno lake. Ni mbinu nzuri ya kuuza sabuni. Isitoshe, watu hupenda kuambiwa wao ni aina gani, ndiyo maana ukurasa wa nyota haujawahi kukosa wasomaji magazetini. Maswali yetu yalipendwa kuliko somo lolote tulilowahi kuweka. Watu walipiga picha ya skrini wakaweka kwenye status. Kama kazi yetu ingekuwa kupendwa tu, yangekuwepo hadi leo.

Kilichotushtua ni simu ya dada mmoja, mwanafunzi wa chuo. Alikuwa amepoteza Sh 18,000, pesa ya hosteli aliyotumiwa na wazazi. Alipigiwa na mtu aliyejiita mhudumu wa wateja, akaambiwa laini yake inafungwa baada ya dakika tano, akafuata maagizo hatua kwa hatua mpaka akatoa PIN. Tulipoangalia rekodi zetu, moyo ulituruka. Alikuwa amejibu maswali yetu, akaitwa Mtu wa Kuona, na akatazama video yetu kuhusu utapeli huo huo mpaka mwisho. Tulimuuliza kama anaikumbuka. "Naikumbuka," akasema. "Ile ya katuni. Niliipenda sana. Nilikuwa najua hiyo kitu, lakini simu ilipokuja nikachanganyikiwa."

Yaani tulimpa somo kwa njia aliyoipenda, akalipenda, na halikumsaidia siku ya haja. Hapo ndipo tulipokaa chini tukasoma, kitu tulichopaswa kufanya kabla ya kujenga.

Dhana yenyewe inasemaje?

Dhana kwamba kila mtu ana mtindo wake wa kujifunza imezoeleka sana. Toleo linalojulikana zaidi lilitoka kwa Neil Fleming, mwalimu wa New Zealand, ambaye mwaka 1992 pamoja na Colleen Mills alichapisha mgawanyo wa njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Si wao peke yao. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake huko Uingereza walihesabu migawanyo kama hiyo wakafika 71. Sabini na moja! Mtu mmoja anaweza kuwa wa kuona asubuhi na wa kusikia mchana, inategemea tu amekutana na fomu ya nani.

Kwamba watu wana wanachopenda, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama ukimfundisha mtu kwa njia anayoipenda atajifunza zaidi. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walieleza jinsi ya kulipima. Chukua wapenda picha na wapenda sauti. Kila kundi ligawe kwa bahati nasibu, nusu wapewe picha, nusu wapewe sauti. Wote wafanye mtihani mmoja. Kama dhana ni ya kweli, wapenda picha watashinda kwa picha na wapenda sauti watashinda kwa sauti. Walipopekua tafiti zilizokuwepo, walikuta ni chache mno zilizopimwa hivyo, na kati ya hizo kadhaa zilionyesha kinyume. Mwaka 2015 Beth Rogowsky na wenzake walijaribu kwa watu wazima, wengine wakasikiliza kitabu, wengine wakakisoma kwenye skrini. Alichosema mtu kuwa anapenda hakikuwa na uhusiano wa maana na alichoelewa.

Kupenda chapati kuliko ugali hakumaanishi tumbo lako husaga chapati vizuri zaidi. Ni hivyo tu.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba jibu la tatizo la yule dada lilikuwa limeshaandikwa kabla hatujamaliza hata shule ya msingi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma tena. Wengine hawakukisoma tena, ila waliambiwa waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Hawakuulizwa wao ni watu wa aina gani. Tofauti ilitokana na kulazimika kulitoa jambo kichwani badala ya kulipitia tu kwa macho.

Video yetu ya katuni ilikuwa ya kupitia kwa macho. Haikumuuliza dada yetu kitu. Haikumpa nafasi hata moja ya kusema "hapana" kabla ya siku ambayo "hapana" ingemwokolea pesa ya hosteli.

Somo lina umbo lake

Wengine mtasema, lakini si kuna vitu ambavyo lazima uvione? Kweli kabisa, na hapa ndipo tulipokosea. Tulidhani umbo la somo linatoka kwa mwanafunzi, kumbe kwa sehemu kubwa linatoka kwenye jambo lenyewe.

Chukua ujumbe wa uongo. Unaweza kuelezwa kwa sauti siku nzima kwamba ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma na wa tapeli huja kutoka nambari ya kawaida ya simu, lakini usipouona mmoja kando ya mwingine hutajua macho yaangalie wapi. Hilo ni somo la picha, hata kwa yule anayejiita mtu wa kusikia. Sasa chukua simu ya tapeli. Pale kinachokuangusha ni sauti: ile haraka, ile heshima ya kupita kiasi, kelele za ofisi za kubandika nyuma. Hilo ni somo la masikio, hata kama wewe ni wa video. Na kupitia menyu ya kutuma pesa kwenye simu ya kabambe, ambako ukichelewa kidogo menyu inajifunga uanze upya, ni somo la vidole. Hakuna katuni itakayokufundisha. Unabonyeza, unakosea, unarudia.

Kwa hiyo mtu mmoja anahitaji njia zote hizo, kila moja mahali pake. Kumfungia mtu kwenye video pekee ati kwa sababu alijibu maswali kumi akiwa kwenye matatu ni kumnyima.

Na kibandiko chenyewe kinaweza kugharimu pesa. Tulipokuwa tunayatangaza yale maswali tulienda sokoni na kuwasomea wauzaji kwa mdomo. Mama mmoja wa mboga akatoka Mtu wa Kusikia, akafurahi sana. Tuliporudi baada ya muda kumtembelea tulikuta ujumbe mwingi ambao haujafunguliwa kwenye simu yake. Tukamuuliza anajuaje mteja amelipa. "Wanangu, mimi si ni mtu wa kusikia? Nikisikia imelia, najua imeingia. Hayo maandishi nawaachia nyinyi." Tukanyamaza. Mlio wa simu hautofautishi malipo, tangazo la bando na ujumbe uliotungwa na mjanja aliyesimama mbele ya kibanda chako ameshika sukuma wiki. Pesa za simu ni maandishi. Jina la mpokeaji linaloonekana kabla hujathibitisha ni maandishi. Salio ni maandishi. Mtu ukimpa ruhusa ya kusema "mimi si wa kusoma", umemfungulia tapeli mlango, na mlango ule tuliufungua sisi.

Mama yule anajua kusoma vizuri. Si kusoma kulikomshinda, ni sisi tuliompa sababu ya kuacha. Tulikaa naye nusu saa, tukaangalia vitu viwili tu katika ujumbe wa malipo: nani ameutuma na salio jipya ni ngapi. Halafu tukamwambia atuonyeshe yeye, ujumbe kumi mmoja baada ya mwingine. Wa nane alitusahihisha sisi.

Basi tofauti zipo wapi?

Hatusemi watu wote wafundishwe sawa. Tofauti zipo, tena kubwa, ila hazipo tulikokuwa tunazitafuta.

Ya kwanza ni unachokijua tayari. Wakala aliyefanya kazi miaka kumi na shosho anayepokea pesa kwa simu mara ya kwanza hawawezi kupewa somo moja. Shosho anahitaji kila hatua ielezwe, polepole, na mfano kamili. Wakala ukimpa maelezo hayo hayo unamchosha, na katikati ya kuchoka ataruka sentensi moja mpya aliyohitaji. Kulijua hili hakuhitaji maswali ya utu wako. Swali moja la kazi linatosha: pesa imeenda kwa nambari isiyo sahihi, unafanya nini? Jibu lako linatuambia tuanzie wapi.

Ya pili ni lugha, na hapa tunajicheka. Somo letu moja lilikuwa na kichwa "Namna ya Kubatilisha Muamala". Kiswahili safi, mhariri alifurahi. Wateja wakawa wanauliza, muamala ni nini? Tulipoandika "Ukituma pesa kwa mtu asiye sahihi", maswali yalipungua. Somo ni lile lile.

Ya tatu ni hali yako. Baadhi yetu tulikuwa chuo shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020. Tulipokea mihadhara ya video ya saa mbili, na kuna wenzetu ambao siku hizo wangekuapia kwamba wao ni watu wa kusikia kwa sababu walijifunza muhula mzima kwa sauti za WhatsApp walizotumiwa na marafiki. Haukuwa mtindo. Ilikuwa bei ya bando. Watoto wa shule nao walifundishwa kwa redio na televisheni, na nyumba isiyo na televisheni haikuwa na watoto wasiopenda kuona. Waliofikiria jambo hili mapema ni wachache. Eneza Education, kupitia Shupavu 291, ilikuwa ikituma masomo mafupi na maswali kwa SMS, kwenye simu yoyote ile. SMS moja ina nafasi ya herufi 160. Hapo hakuna nafasi ya katuni, lakini nafasi ya swali ipo.

Na kuna tofauti ambayo haifai kabisa kuitwa mtindo. Mteja asiyeona anahitaji sauti. Mteja kiziwi anahitaji maandishi na Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuikuza pamoja na breli. Hiyo ni haki. Tunaona aibu kidogo kwamba tulitumia miezi kutengeneza "sauti kwa wanaopenda sauti" kabla ya kuhakikisha kwamba programu inasomeka vizuri kwa msaidizi wa sauti anayetumiwa na mteja asiyeona. Kazi hiyo bado hatujaimaliza.

Kuna mwenzetu katika timu ambaye hakubaliani nasi kikamilifu, na hoja yake tunaiheshimu. Anasema mtu akipewa anachopenda, angalau atafungua somo, na somo lisilofunguliwa halimfundishi mtu. Ni kweli. Ndiyo maana bado utakuta kila somo lina maandishi, sauti na mara nyingine video, uchague. Uko kwenye matatu yenye kelele, soma. Unapika, sikiliza. Bando limeisha, soma. Chagua leo hivi na kesho vile. Tulichoacha ni kukuambia kwamba chaguo hilo ndilo wewe, na kwamba litakufanya uelewe zaidi.

Masomo mapya yanaanza na swali, kama makala haya yalivyoanza. Ukipata, unaruka mbele. Ukikosa, unapata maelezo mafupi, kisha swali lingine linalofanana lakini si lile lile. Siku tatu baadaye tunakuuliza tena kwa ujumbe. Wiki tatu baadaye tena. Kuna wateja wanaolalamika kwamba tunawasumbua, na wana haki. Kuna kitufe cha kusimamisha. Lakini tunakuomba usikibonyeze mpaka upitie somo la simu za matapeli, ambalo sasa ni simu ya mazoezi: unaiomba mwenyewe ndani ya programu, unasikia sauti ikikuharakisha, na kazi yako ni kukata. Haitakuomba PIN yako ya kweli, wala hatutawahi kukupigia kuiomba. Utashangaa kukata simu ya mtu mwenye heshima kulivyo kugumu mara ya kwanza. Sisi wenyewe tulipoijaribu ofisini, mmoja wetu alimwomba tapeli wa mazoezi radhi kabla ya kukata.

Turudi kwa mama wa Sh 3,500. Ukiwa ulijibu kwamba kwanza unaangalia salio lako mwenyewe, kwa menyu au programu na si kwa kuusoma tena ujumbe ule, umejibu vizuri. Mara nyingi utakuta hakuna kilichoingia. Ujumbe ulikuwa wa kutungwa, na "ungemrudishia" pesa yako mwenyewe. Pesa ikiwa imeingia kweli, bado usiitume wewe. Mwambie apigie kampuni yake waliotuma kupitia kwao, wairudishe kwa utaratibu, nawe usiiguse hadi hapo. Ukiituma wewe, na yeye awe tayari ameomba irudishwe, inaweza kutoka kwako mara mbili.

Sasa usirudi juu kuangalia. Ni Jumapili jioni, umechoka. Ujumbe umeingia: Sh 6,200. Umeangalia salio, na safari hii pesa ipo kweli. Simu inalia. Ni mwanamume, hana fujo, anaongea kwa adabu, anakuita "ndugu yangu", anasema hiyo ni karo ya mtoto na anakuomba utoe Sh 200 za usumbufu ubaki nazo, umtumie zilizobaki kwa nambari nyingine kwa sababu hii yake ina shida.

Unamwambia nini?